Macho Yako ni Mali, Usimpe Kila Anayeyaomba

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya tarawehe, mjini Garissa)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu vijana, dada zangu, na nyinyi wazazi wetu waheshimiwa, mada ya usiku huu ni juu ya watu mashuhuri. Mastaa. Wale ambao sura zao ziko kwenye simu zetu kuanzia tunapofuturu mpaka saa ya daku. Sikuja kumtukana staa yeyote, na utaona mbele kwa nini. Nimekuja kukuuliza swali moja tu: macho yako, masikio yako na saa zako za Ramadhani unampa nani, na anakulipa nini?

Hebu tufanye mtihani mdogo. Ukirudi nyumbani chukua karatasi, igawe pande mbili. Upande mmoja andika majina ya wachezaji kumi na mmoja wa timu ya Uingereza unayoishabikia. Najua utamaliza kabla chai haijapoa, na wengine wenu mtaongeza wale wa benchi na bei waliyonunuliwa. Sasa upande wa pili andika majina ya watu watano wa mkoa wetu huu wa Kaskazini Mashariki, kuanzia Garissa, Wajir mpaka Mandera, ambao waliwahi kusimama wakaokoa maisha ya watu. Watano tu. Wanasiasa usiwahesabu.

Kalamu imekwama, sivyo? Basi hapo ndipo mada yetu ilipo.

TWIGA MWEUPE NA HIROLA

Nianze na mfano wa hapa hapa kaunti yetu, na mfano wenyewe si wa binadamu. Mwaka 2017 video ilitoka katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kule upande wa Ijara. Ilionyesha twiga mweupe, jike na mtoto wake. Weupe ule ni jambo la kurithi, mwili unakosa rangi yake ya kawaida. Ilikuwa ajabu kubwa, na dunia nzima ikatazama. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaandika habari za Garissa, na safari hii hayakuandika habari za mabomu. Yule twiga akawa staa.

Umaarufu ule ulimsaidia nini? Mwezi Machi 2020 hifadhi ilitangaza kwamba jike yule na mtoto wake wameuawa na majangili. Walipopatikana walikuwa wamebaki mifupa. Mamilioni ya watu walimtazama, lakini siku aliyouawa hapakuwa na wa kumkinga. Alibaki dume mmoja tu, na mwezi Novemba 2020 alifungwa kifaa cha kufuatilia mahali alipo ili askari wa wanyama wamlinde. Kwa hiyo kilichomfaa ni kundi dogo la watu wanaoamka asubuhi kwenda kumwangalia. Wale watazamaji mamilioni walikuwa washahama kitambo.

Sasa sikiliza la pili. Katika hifadhi hiyo hiyo ya Ishaqbini yupo mnyama anaitwa hirola. Ni swala wa rangi ya udongo mwenye alama nyeupe kuzunguka macho. Katika dunia nzima hirola waliobaki porini wanakadiriwa kuwa chini ya 500, na kwao ni hapa kwetu, Garissa na mpaka wa Somalia. Twiga mmoja mweupe akifa, twiga wengine wapo. Hirola wakiisha, wameisha duniani, hakuna mahali pengine pa kuwatafuta. Lakini waulize watu duniani, hata uwaulize watu wa Garissa mjini, nani anamjua hirola? Yeye si mweupe, hana ajabu ya kupiga picha. Anachunga majani yake kimya, anaisha kimya.

Ndugu yangu, hivyo ndivyo macho yetu yalivyo. Yanakimbilia kinachong'aa na kupita kile kinachohitaji kutazamwa. Tabia hiyo tunayo kwa wanyama, na kwa watu tunayo zaidi.

SOKO LA MACHO

Huenda kijana akasema: "Ustadh, mimi natazama tu, sidhuru mtu, na tena ni bure." Hapana. Hakuna duka Soko Mugdi linalogawa bidhaa bure kila siku na mwenye duka bado akatajirika. Ukiona hivyo, ujue kuna kitu kingine kinauzwa.

Kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, iliingiza zaidi ya dola bilioni 130 mwaka 2023. Karibu pesa zote hizo zilitokana na matangazo. Wewe hukulipa hata shilingi, ila umenunua bando. Basi walilipwa kwa kuuza nini? Waliuza macho yako. Mwenye tangazo anamwambia mwenye mtandao: niwekee bidhaa yangu pale kijana anapotazama. Kadiri unavyokaa zaidi ndivyo anavyolipwa zaidi. Kwa hiyo wameajiri watu wenye akili nyingi na mishahara minono, na kazi yao ni moja: kuhakikisha huiweki simu chini. Staa ni chambo. Ndoano haiwekwi wazi, inafichwa ndani ya kitu kitamu.

Na jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya watazamaji wa redio na televisheni. Waliona kwamba mtazamaji hufika mahali akahisi yule mtu wa kwenye skrini ni rafiki yake wa karibu. Anamjua anavyocheka, anajua ugomvi wake na mkewe, anahuzunika akiugua. Lakini urafiki wenyewe ni wa upande mmoja. Yule staa hajui kama wewe upo.

Fikiria hilo. Unajua mwanasoka fulani anakula nini asubuhi. Je, ayeeyo yako aliyelala chumba cha pili, unajua dawa yake ya presha imebaki vidonge vingapi? Unajua msanii fulani ameachana na nani. Je, rafiki yako mliyesoma naye duksi, ambaye siku hizi haonekani msikitini, unajua yuko wapi? Moyo wa binadamu una nafasi yake, haujazi dunia nzima. Ukiujaza wageni, wenyeji wanakosa pa kukaa.

TAMAA YA WATU WA QARUN

Kuna jambo la pili ambalo umaarufu unachukua, nalo ni kuridhika kwako.

Katika Surat al-Qasas Mwenyezi Mungu ametusimulia habari za Qarun. Alipewa hazina ambazo funguo zake peke yake ziliwalemea watu wenye nguvu. Siku moja akatoka mbele ya watu wake na mapambo yake yote. Leo tungesema alitoka na msafara wake wa magari, na wapiga picha mbele. Waliokuwa wakitaka maisha ya dunia wakatamani, wakasema laiti na sisi tungepewa mfano wa aliyopewa Qarun. Wale waliopewa elimu wakawaonya kwamba malipo ya Mwenyezi Mungu ni bora. Kisha Mwenyezi Mungu akamdidimiza ardhini yeye na nyumba yake. Na wale waliotamani jana yake kuwa kama yeye, wakaamka wakishukuru kwamba hawakuwa yeye.

Angalia vizuri. Qur'ani haikuishia kutueleza Qarun alifanya nini. Imetueleza pia hali ya watazamaji. Wale hawakuiba, hawakudhulumu, walisimama kando ya njia wakatazama na kutamani. Na kutamani kule tu kuliwatia maradhi, mpaka wakaona nyumba zao hazifai na riziki yao si kitu.

Je, si hali yetu hii? Kijana ana afya, ana wazazi hai, baba yake ana mbuzi wachache na shamba dogo la ndizi na maembe kando ya Mto Tana. Akifungua simu dakika kumi, akiifunga anajiona maskini wa mwisho duniani. Hakuna kilichopungua nyumbani kwake katika zile dakika kumi. Mbuzi ni wale wale, mto ni ule ule. Kilichopungua ni shukrani. Na wengine katika vijana wetu walitoka kwa kutamani huko, wakaiuza mifugo ya wazee wao, wakashika njia ya Libya. Wapo waliofika na wapo ambao mama zao mpaka leo wanangoja simu.

STAA WA MTAANI

Sasa msidhani mastaa ni wa Ulaya na Nairobi peke yao. Siku hizi kila mtaa una wake, na sisi wenyewe ndio tunaowatengeneza.

Binti wa mtu amecheza mbele ya simu yake, pengine kwa utoto tu, akaweka kwenye TikTok. Kwa kawaida wangeona marafiki zake ishirini, na mambo yangeishia hapo. Lakini mmoja wetu anaichukua, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, anaandika: "Audhubillahi, tazameni mabinti zetu walipofika!" Wa pili anaituma kwenye kundi la msikiti, naye analaani. Wa tatu anaandika matusi chini ya video yenyewe. Jioni Garissa nzima imeona, na kesho imefika Eastleigh. Nakuuliza ndugu yangu mwenye ghera ya dini: nani aliyemfanya maarufu? Ni yeye, au ni wewe uliyelaani?

Elewa jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Zinahesabu dakika ulizotazama, maneno uliyoandika, na watu uliowatumia. Hazihesabu kama ulifurahi au ulikasirika. Anayeandika "mashallah" na anayeandika "laana" wote wanasukuma gari lile lile. Na mara nyingi mwenye hasira ndiye anayesukuma kwa nguvu zaidi, maana mwenye hasira harudi nyuma, anajibu na kujibiwa mpaka usiku wa manane.

Ndio maana nilisema mwanzo kwamba sikuja kumtukana staa. Kumtukana ni kumtumikia. Ukitaka moto uzime, usiupige kwa makuti makavu. Uache bila kuni.

Halafu kuna yule binti. Kesho anatolewa shule kwa aibu, au mchumba anarudi nyuma, au baba yake hawezi tena kukaa na wenzake barazani. Mtume (SAW) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba anayemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Sisi tumefunga mchana kutwa na chakula cha halali, kisha jioni tunafuturu kwa nyama ya ndugu yetu. Kama kweli unamtakia kheri, wazazi wake unawajua na nyumba unaijua. Nenda kimya, mtume mama yako au dada yako aongee naye. Na video ile ifute, isitoke kwenye simu yako.

MFUKO WA UNGA NA KAMERA

Kuna aina nyingine ya umaarufu, na hii imevaa kanzu. Kati ya mwaka 2020 na mwaka 2023 eneo letu lilipita katika ukame mkali, misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo. Mifugo ikafa kandokando ya barabara. Kisha Novemba 2023 mvua za El Niño zikamwagika, mto ukafurika, barabara kati ya Madogo na Garissa ikakatika, watu wakawa wanavushwa kwa boti. Misaada ilikuja, na Mwenyezi Mungu awalipe waliotoa. Lakini sote tulitazama zile picha. Mfuko mmoja wa unga, watu wanane wameushika. Mama mzee amesimama katikati, hatazami kamera, anatazama chini.

Yule mama alikuwa na ng'ombe wake. Katika nyumba yake aliwahi kupokea wageni na kuwakamulia maziwa. Kumpa unga ni wema. Kuichukua heshima yake kama bei ya unga ni biashara.

Tukumbuke hadithi ya watu saba watakaopata kivuli siku ambayo hakuna kivuli ila chake Mwenyezi Mungu. Mmoja wao ni yule aliyetoa sadaka akaificha, hata mkono wake wa kushoto usijue uliotoa wa kulia. Siku hizi mkono wa kushoto ndio ulioshika simu! Na tuiogope ile hadithi nyingine, ya watu watatu watakaohukumiwa mwanzo: aliyepigana, aliyesoma na aliyetoa mali. Matendo yao yote yalikuwa makubwa, lakini waliyafanya ili watu waseme, na watu wakasema. Malipo yao wameshayachukua hapa hapa.

Mwezi huu umekuja kututibu maradhi hayo. Swala inaonekana, zaka inaonekana, hija watu wanakusindikiza mpaka uwanja wa ndege. Saumu haionekani. Unaweza kuingia ndani ukanywa maji, ukatoka, na mtu asijue. Ni ibada ambayo Mwenyezi Mungu ameinasibisha na nafsi yake, akasema yeye ndiye atakayeilipa. Siku 29 au 30 unazoezwa kufanya jambo kubwa bila mtazamaji. Basi si ajabu mtu aufanye mwezi huu kuwa msimu wa kupiga picha sahani za futari?

WATU WA UPANDE WA PILI WA KARATASI

Turudi kwenye karatasi yetu. Nitakusaidia majina.

Andika Dekha Ibrahim Abdi. Alizaliwa Wajir mwaka 1964, akawa mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini koo zilipigana Wajir, watu wengi wakauawa, hata sokoni mwanamke wa ukoo mmoja akawa hawezi kununua kwa mwanamke wa ukoo mwingine. Dekha na kina mama wenzake walianza na soko hilo. Waliafikiana kwamba sokoni kila mama atauza na kununua bila kuulizwa ukoo, na wakaweka wenzao wa kuangalia jambo hilo. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, kwa vijana, kwa serikali. Mwaka 1993 wazee wakafikia mapatano ya Al-Fatah, na mwaka 1995 ikasimama Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Kamati za amani ambazo leo tunaziona sehemu nyingi za Kenya ziliiga mfano ule. Mwaka 2007 dada huyu alipewa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani. Mwenyezi Mungu amrehemu. Vijana wangapi hapa walikuwa wanalijua jina lake?

Andika Salah Farah. Alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi Mandera. Mnajua kwamba Novemba 2014 basi lilitekwa Mandera, abiria wasiokuwa Waislamu wakatengwa, watu 28 wakauawa. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine likasimamishwa karibu na El Wak, na al-Shabaab wakataka kufanya vile vile. Safari hii abiria Waislamu walikataa kujitenga. Walisema mtuue sote au mtuache sote. Kina mama wakawapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016, na Rais akamtunukia nishani baada ya kufa. Filamu ikatengenezwa juu ya tukio lile, inaitwa Watu Wote, na mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa filamu fupi zilizoteuliwa kushindania Oscar.

Filamu inajulikana. Lakini yule mama aliyetoa mtandio wake akamfunika mwanamke asiyemjua, bunduki ziko nje ya dirisha, nani anamjua jina? Hakuna aliyempiga picha. Pengine ni jirani yako. Pengine ndiye yule anayeuza maziwa, na jana ulimkemea kwa sababu ya shilingi kumi.

Andika pia Abdullahi Mire. Alikulia kambini Dadaab kama mkimbizi kutoka Somalia. Alipata nafasi ya kuhamia Norway, akarudi. Akakusanya vitabu na kuwapelekea watoto wa kambini, vitabu zaidi ya laki moja, mpaka shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi likampa tuzo ya Nansen mwaka 2023.

Mtu atasema: "Ustadh, lakini hawa nao ni mashuhuri, wamepewa tuzo!" Umesema kweli, na swali lako ni zuri. Kujulikana si dhambi. Nabii Yusuf (AS) alijulikana Misri nzima. Tofauti iko hapa: Dekha hakwenda sokoni kutafuta tuzo. Alikwenda kwa sababu watu walikuwa wanakufa, na tuzo ikamkuta kazini baada ya miaka kumi na zaidi. Mwenye kazi akijulikana, umaarufu ni chombo, na anautumia kuleta vitabu au amani. Anayejulikana bila kazi, umaarufu ndio kazi yake, na lazima kila siku aulishe. Leo nguo, kesho ugomvi, keshokutwa talaka. Na anayekusanyiwa alishe ni wewe.

ALIYETOROKA KUJULIKANA

Katika Sahih Muslim kuna habari za Uways al-Qarni, kijana wa Yemen. Hakumwona Mtume (SAW), lakini Mtume aliwaambia maswahaba habari zake, kwamba alikuwa mwema sana kwa mama yake, na kwamba atakayeweza amwombe Uways amtakie msamaha. Umar (RA), khalifa wa Waislamu, akawa anauliza kila msafara wa Yemen: yupo Uways kati yenu? Mpaka akampata. Umar akamwomba amtakie msamaha, kisha akamuuliza anakwenda wapi. Akasema Kufa. Umar akataka kumwandikia barua kwa gavana wa huko. Uways akakataa. Akasema anapenda zaidi kuwa miongoni mwa watu wa kawaida wasiojulikana. Na baadaye habari zake zilipovuja na watu wakaanza kumtambua, alihama.

Yule alikuwa anajulikana mbinguni. Kadi ya gavana ingemwongezea nini?

Na tusimsahau yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (SAW). Alifariki usiku, maswahaba wakamzika bila kumwamsha Mtume, waliona jambo lake ni dogo. Mtume akamkosa, akauliza. Alipoambiwa, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia. Mbora wa viumbe alikuwa na umma wa kuuendesha, mikataba na wajumbe wa makabila, na bado jicho lake liliona kwamba mfagiaji hayupo. Sunna tunazozijua ni nyingi. Hii ya kuwaona wasioonekana, nani anaifuata?

TUFANYE NINI?

Kupuuza si kazi ngumu, lakini inataka nia. Nitataja mambo manne tu.

Kwanza, hesabu. Saa mbili za simu kila siku kwa Ramadhani nzima ni saa 60. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Ukisoma ukurasa kwa dakika tatu, ni kama saa 30 kuhitimu. Yaani nusu tu ya saa za simu inatosha khitma moja, na nusu nyingine ukalale au ukamsaidie mama jikoni.

Pili, usijibu. Ukiona jambo la kipuuzi la staa, usilaani, usitume, usiandike. Pitisha. Hata ukiwa na maneno mazuri ya nasaha, huyo hayasomi, yanasomwa na mashine inayohesabu.

Tatu, wazazi wetu, watoto hufuata tunachokitazama kuliko tunachokisema. Baba anayekemea simu huku ameshika yake hasikilizwi. Simu zote ziwekwe kando wakati wa futari, na ya baba iwe ya kwanza. Halafu wasimulieni watoto habari za watu wa kwetu. Mtoto asiyesimuliwa atatafuta msimulizi mwingine, naye yuko tayari masaa yote.

Nne, mtafute mtu mmoja asiyeonekana kabla mwezi haujaisha. Anayevuta mkokoteni wa punda akiuza maji. Mwalimu wa duksi ambaye miezi miwili hajalipwa. Muulize jina lake, muulize hali yake, mletee futari. Na simu yako iache nyumbani.

Ile karatasi ihifadhini. Ramadhani ijayo, inshallah tukiwa hai, tuone upande wa pili umeongezeka majina mangapi.

Ewe Mola wetu, tujaalie macho yanayoona unachokipenda, na matendo ambayo kukujua wewe kunatutosha. Wasitiri mabinti na vijana wetu. Warehemu waliotutangulia katika kheri, tunaowajua majina na tusiowajua. Taqabbal minna wa minkum.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.